Mkate wa Wishwa: Chakula Chasema Nini katika Maandishi Yetu

Wako watu wanaodhani ya kuwa chakula ni habari ya tumbo tu, na kwamba mtu aliyesoma akikaa kuzungumza juu ya wali na mkate anapoteza wakati ambao ungefaa kutumiwa katika mambo makubwa zaidi. Sisi hatukubaliani nao. Ukurasa huu wasomwa na wafanyakazi, watu wanaoijua bei ya unga kuliko wanavyojua hotuba yoyote. Kwa hiyo twaona inafaa leo tulitazame jambo hili kwa utulivu: chakula kimesema nini katika lugha yetu na katika maandishi ya wazee wetu, nacho chatufundisha nini sisi tulio hai.

Neno letu ni hili. Katika hadithi, kama ilivyo katika maisha, ukitaka kujua nani ni bwana na nani ni mtwana, usitegemee maneno yanayosemwa karamuni. Angalia nani amepika, nani amekula kwanza, na nani ameachiwa makombo. Maneno yaweza kupambwa, lakini mgawanyo wa chakula hauwezi kufichwa kwa muda mrefu.

Tuanze na lugha yenyewe. Hapana kitenzi katika Kiswahili kilichobebeshwa mizigo mingi kama kitenzi kula. Mtu anayeapa hula kiapo. Wanaopatana kwa siri kufanya ubaya hula njama. Mfanyabiashara aliyeshindwa hula hasara. Mchezaji wa bao hula kete za mwenzake. Hakimu asiyekuwa mwaminifu hula rushwa, na mzee aliyeishi miaka mingi husemwa kwa heshima kwamba amekula chumvi nyingi. Lugha ambayo yatia kinywani kiapo na rushwa, ushindi na hasara, ni lugha ya watu waliotambua tangu zamani kwamba mambo ya haki na dhuluma huonekana kwanza katika kula.

Hata msamiati wetu wa siasa ulitoka huko huko. Tanzania ilipotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, neno lililotumiwa kwa mtu anayeishi kwa jasho la mwingine lilikuwa mnyonyaji, neno lililotokana na kinywa cha mtoto kifuani mwa mama yake. Wakaongezewa mirija, na wakafananishwa na kupe. Mkulima ambaye hakupata kuingia darasani hata siku moja alielewa papo hapo, kwani kila mtu amewahi kuona kupe aliyeshiba juu ya ng'ombe aliyekonda.

Sasa na tuingie katika maandishi. Shujaa mkubwa wa pwani ya kaskazini ya Kenya ni Fumo Liyongo, ambaye habari zake zilitungiwa utendi na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Wengi wetu twamjua Liyongo kwa urefu wake, kwa nguvu zake na kwa upinde wake. Lakini ukiusoma utendi huo kwa makini, utaona ya kuwa kila jambo kubwa katika maisha yake lafungamana na chakula au maji.

Wagala walipomwona mara ya kwanza, alikuwa amebeba mkoba begani. Alipoutua na kuufungua, zilitoka humo zana za jikoni: kinu na mchi wake, jiwe la kusagia, vyungu, sahani na mafiga. Mtu aliyeziona silaha zake tu angemwogopa Liyongo. Wale walioyaona mafiga yake walimstaajabia zaidi, kwa kuwa shujaa huyo alibeba jiko lake mwenyewe, hakumngoja mtumishi amfuate nalo. Twaona jambo hilo halikuwekwa humo kwa kuchekesha tu. Mtu anayejipikia hanunuliki kwa sahani ya wali.

Mtawala wa Pate alimhofu Liyongo akataka auawe. Njia ya kwanza aliyoitumia ilikuwa ya chakula. Watu wa mwituni, Wasanye na Wadahalo, waliahidiwa fedha, nao wakafanya urafiki na Liyongo na kumwalika wale kikoa. Vijana wa siku hizi huenda hawalijui neno hili, kwa hiyo tulieleze. Kikoa ni ushirika wa kula kwa zamu: leo huyu analeta, kesho yule, mpaka wote wamekwisha kutoa na wote wamekwisha kula. Ni desturi ya usawa, wala hapana bwana ndani yake. Hao walikubaliana kula makoma, na kila mmoja siku ya zamu yake apande mkoma awaangushie wenzake. Hila yao ilikuwa hii: zamu ya Liyongo itakapofika, naye yuko juu ya mti, mikono imeshika shina, wamrushie mishale. Lakini Liyongo alichagua mkoma mrefu, akasimama chini, akayaangusha makoma kwa mishale yake mpaka yakawatosha. Wakala, wakanyamaza, wakajua wameshindwa.

Hapo pana fundisho. Ubaya uliokusudiwa ulikuwa mkubwa zaidi kwa sababu ulivaa nguo ya kikoa. Kumwua adui vitani ni jambo moja. Kumwua mwenzako katika zamu yake ya kukulisha ni jambo lingine, na kila msikilizaji wa kale aliyewahi kula kikoa alihisi uchungu wake bila ya kuelezwa.

Baadaye Liyongo alikamatwa akafungwa gerezani. Kila siku mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, na kila siku walinzi walikinyang'anya, wakala kile kizuri, wakamwachia mfungwa makombo. Basi Liyongo akatunga maneno ya mafumbo, akamwimbia Saada mbele ya walinzi hao hao, nao hawakuyafahamu. Mama aliyafahamu. Alitengeneza mikate mizuri ya ngano, na pamoja nayo mkate mmoja wa wishwa, yaani wa makapi, na ndani yake akaficha tupa. Walinzi waliila ile mizuri kama kawaida yao. Walipouona ule wa wishwa waliudharau, wakaona huo ndio unaomfaa mfungwa, wakampa. Usiku ule ngoma ya gungu ikapigwa, matoazi yakalia, na chini ya kelele zao Liyongo akaikata minyororo kwa tupa, akatoka.

Tufikiri kidogo juu ya mkate huo. Mama wa Liyongo hakuwa na askari wala fedha za kuhonga. Alikuwa na unga, moto na akili. Aliijua tabia ya walinzi: ya kwamba wenye nguvu hula kizuri, na kwamba hawakitazami kamwe kile wanachomtupia mnyonge. Dharau yao ndiyo iliyolifungua gereza. Kama wangalikuwa na haki hata kidogo, wakamgawia mfungwa mkate wa ngano na wao wakaonja wa wishwa, tupa ingalionekana. Hadithi hii yatuambia kwamba dhuluma ya sahani humpofusha anayeifanya.

Wala tusimsahau Saada. Liyongo ana utendi mzima, mama yake ana sifa ya akili, bali kijakazi aliyebeba chakula njia nzima, akapita mbele ya walinzi na mauti ndani ya mkate, twamjua kwa jina tu. Hali hii tutaikuta tena huko mbele.

Mwisho wa Liyongo nao wahusiana na jambo la kunywa. Alisalitiwa na mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa cheo na binti wa mtawala, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba alipokuwa amelala. Liyongo akatoka na jeraha lake, akapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji wakamdhani yu hai, wakaogopa kwenda kuteka maji. Basi mji uliokubali mtu wake auawe kwa hila ulipata adhabu ya kiu kabla ya kujua kwamba ameshakufa.

Tulisema kikoa ni zamu ya kutoa na kula. Inafaa tulipime kwa kipimo hicho neno moja la siku zetu. Nchini Kenya kumekuwa na kauli katika siasa isemayo kwamba sasa ni zamu yetu ya kula, na mwaka 2009 mwandishi Mwingereza Michela Wrong alichapisha kitabu juu ya ufisadi wa nchi hiyo chenye jina lililotokana na kauli hiyo. Wala ugonjwa huo si wa nchi moja. Tazama jinsi maneno yalivyopinduliwa. Katika kikoa, zamu yako ni siku ya kuleta chakula. Katika kauli ya wanasiasa hao, zamu yako ni siku ya kula kile ambacho hukukileta. Neno zamu limebaki, wajibu umeondolewa. Wazee walikuwa na jibu fupi kwa watu hao: mla kuku wa mwenziwe, miguu humwelekea.

Tuondoke kwa Liyongo, tubaki Pate ile ile. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, shairi la mawaidha juu ya ubatili wa dunia. Pate ilikuwa imetajirika kwa biashara ya bahari, kisha ikaanguka. Mshairi ausemesha moyo wake, auonyesha majumba ya matajiri yaliyokuwa yakiwaka taa na kujaa watu, ambayo sasa yana giza na wadudu waliao. Na katika kuuonyesha uharibifu huo ataja vidaka vya ukutani. Vidaka hivyo vilitengenezwa ili sahani nzuri za kutoka ng'ambo zipangwe humo na wageni wazione. Sasa ndege wameatamia ndani yake.

Mshairi angeweza kutaja hazina, au majeshi, au majahazi. Lakini alijua kwamba nyumba isiyokuwa na sahani ni nyumba isiyo na mgeni, na nyumba isiyo na mgeni imekufa hata kama kuta zake zasimama. Sisi twaongeza swali ambalo mshairi hakuliuliza: sahani hizo zilioshwa na nani? Pate ilikuwa nchi yenye watumwa, na aliyezipanga vidakani huenda hakupata kulia chakula ndani yake hata mara moja.

Swali hilo latuleta kwa mpishi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa mashauri. Ni kazi ya mama mgonjwa aliyetaka kumwachia mwanawe akiba ya maneno, na lugha yake ni tamu mno. Miongoni mwa mashauri yake ni kwamba mume akiamka, mke asikawie kumwandalia chakula. Humo katika utendi, kuandaa ni adabu na ni njia ya kupata radhi. Hatumcheki mama huyo, kwani alisema ya wakati wake. Lakini twaona ya kuwa hata kwa mwanamke wa daraja la juu, mwenye kalamu mkononi, cheo chake nyumbani kilipimwa kwa sahani anayoiweka mbele ya mwingine.

Na mahali pengine jambo hili lilikuwa kali zaidi. Katika mila za kale za Buganda, wanawake hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Walifuga, walipika, waliandaa, wakanusa harufu, wakaondoka. Hapana hotuba juu ya cheo cha wanawake iwezayo kueleza zaidi ya hapo. Na mwanamke wa kwanza aliyekula kuku hadharani alifanya siasa, hata kama hakulijua neno hilo.

Kwa mfanyakazi wa mshahara, historia ya chakula yaweza kuandikwa juu ya chombo kimoja kidogo: kibaba. Kibaba ni kipimo cha nafaka, kadiri ratili moja na nusu, na vibaba vinne hufanya pishi. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na miji mingine ya pwani kwenda bara, mpagazi aliyebeba pembe au majora ya nguo alipewa posho yake ya siku, na kawaida yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka. Baadaye neno posho likaingia katika mashamba na makambi ya wafanyakazi, na katika nchi za jirani likawa ni jina la unga wa mahindi wenyewe na la ugali wake. Babu zetu walipimwa kwa chombo hicho. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba twaifundisha watoto shuleni kuwa ni habari ya kuweka akiba, na ni kweli. Lakini mtu akikumbuka kwamba kibaba kilichojaa kilikuwa ndiyo riziki ya siku nzima ya mtu mwenye mzigo kichwani, ataisoma methali hiyo kwa heshima zaidi.

Mwenye njaa hufanya mapatano mabaya. Waliosoma Kitabu cha Mwanzo wanamkumbuka Esau aliyerudi kutoka nyikani amechoka, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Na katika fasihi ya nchi yetu, mapatano ya namna hiyo yamesimuliwa vizuri sana na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya mwaka 1994 ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022, na twawashauri wasomaji wetu waitafute.

Katika riwaya hiyo, Yusuf ni mtoto wa miaka 12, na baba yake ana hoteli ndogo katika mji mmoja wa bara zama za Wadachi. Mara kwa mara hufika tajiri mmoja wa pwani, Aziz, ambaye Yusuf amefundishwa kumwona kuwa ni ndugu wa wazazi wake. Siku ya ugeni mama hupika vyakula ambavyo siku nyingine havionekani, na mgeni akiondoka humpa mtoto sarafu ya anna kumi. Mtoto hufurahi kumwona mgeni, kama isemavyo methali yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisha siku moja anaambiwa atasafiri na mgeni huyo kwa gari moshi. Huko pwani ndipo anapojua kwamba Aziz si ndugu yake, bali baba yake ana deni, na yeye ametolewa kuwa rehani. Basi ule wali wa siku za ugeni haukuwa ukarimu mtupu. Ulikuwa ni chakula cha mdaiwa mbele ya mdai wake. Mwandishi hakuhitaji kueleza sheria za madeni. Alituketisha karamuni kwanza, akatuacha tushibe pamoja na mtoto, kisha akatuonyesha hesabu.

Isidhaniwe ya kwamba twasema karamu zote ni hila. La, hasha. Ukarimu wa watu wetu ni wa kweli, na una kanuni zake. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake juu ya Ujamaa cha mwaka 1962, aliikumbusha dunia methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku mbili mtu hula bila ya kuulizwa. Siku ya tatu hupewa heshima kubwa zaidi ya kula, nayo ni heshima ya kuzalisha pamoja na wenzake. Yupo na mwingine aliyesema vizuri: kula na kipofu, usimguse mkono. Maana yake, asiyeona ana haki ya kula bila ya kutiliwa shaka kwamba anapunjwa. Katika maneno hayo machache mna sheria kamili ya kugawana.

Sasa tuyalete haya nyumbani. Kila mfanyakazi wa Dar es Salaam amjua mamantilie. Jina lake lilitoka katika midomo ya walaji wenyewe, waliosimama mbele ya sufuria wakisema, mama, nitilie. Huamka alfajiri kabla ya gari la kwanza, huwasha moto, na mchana vibarua, makuli na madereva hula kwake, wengine kwa deni mpaka mwisho wa juma. Viwanda vingi havingalienda bila yeye. Lakini ni vitabu vingapi vya Kiswahili vilivyomweka yeye katikati ya hadithi? Waandishi wetu vijana hupenda kuandika karamu za wakubwa, meza ndefu na bilauri. Twawaomba waende wakakae kwenye benchi la mamantilie siku tatu tu, wasikilize, waangalie nani anapewa ukoko na nani anapewa nyama. Watarudi na riwaya.

Na kwetu sisi wanachama lipo jambo la karibu zaidi. Zimekuwapo sherehe, za wafanyakazi na za chama, ambazo wakubwa walikula pilau chini ya turubai hali wale waliopanga viti walisimama juani wakingoja sufuria irudi. Hapana aliyetangaza kwa kipaza sauti kwamba watu si sawa. Haikuwa lazima, kwa maana kila mtu aliyaona masinia yanakokwenda. Hotuba iliyosemwa asubuhi juu ya usawa ilifutwa saa saba mchana.

Twashauri hivi, nalo ni jambo lisilohitaji fungu la fedha wala kamati. Katika karamu ijayo ya tawi lako, ndugu msomaji, chakula kiwe kimoja kwa wote, na waliopika waitwe kwa majina yao, wanawe mikono na kuketi mkekani pamoja na waliopikiwa, sahani zao zikiwa zimepakuliwa na wengine. Mwenyekiti akisita kuketi nao, wanachama watakuwa wamejua jambo walilohitaji kulijua kabla ya uchaguzi.